Simu ya Diwani Niliyoipokea Mimi

Mwenye makosa ni mimi. Naanza na hapo ili msomaji asipoteze muda akinitafutia visingizio. Vyote nimeshavijaribu, na kimoja kilifaulu hata nikasamehewa.

Miaka ile ya kadi za simu za kukwaruza nilikuwa msaidizi wa meya wa mji mmoja huku kwetu. Mji siutaji. Uko karibu na Kitale kiasi kwamba wenyeji wakiulizwa wanatoka wapi husema Kitale, na mimi nitafanya vivyo hivyo.

Kwa walio wadogo, enzi hizo mwananchi hakumpigia meya kura. Alimchagua diwani, halafu madiwani walijifungia ukumbini wakachagua meya miongoni mwao. Kwetu madiwani walikuwa kumi na saba. Ukipata tisa wewe ni meya. Ukipata wanane unarudi kulima mahindi.

Meya wangu alitaka kurudi, na mimi ndiye niliyemwandikia sababu za kurudishwa. Niseme ukweli, sababu zilikuwepo. Alikuwa ameondoa jaa la taka nyuma ya soko, ambalo lilikuwa limekaa mpaka watu wakalitumia kuelekeza wageni. Kipindi cha pili alitaka kufanya mambo matatu tu: kuvuta maji hadi sokoni, kujengea kina mama wa mboga choo, na kuzuia uwanja wa soko usigawanywe ploti.

Hilo la tatu ndilo lililokuwa vita. Diwani aliyempinga alishaonekana pale uwanjani na mtu wa kupima ardhi, wakivuta kamba kati ya nyanya na vitunguu. Tulijua hawakuja kununua mboga.

Basi nilimwamini meya. Mpaka leo sijui jinsi ya kulitubu hilo.

Siku tatu kabla ya kura aliwakusanya madiwani wake tisa akawapeleka Bungoma, akawafungia kwenye loji. Usishangae. Kila mtu alifanya hivyo, na wale wanane wa upande wa pili walikuwa wamefichwa Eldoret. Diwani aliyelala kwake wiki ile aliamka akiwa wa mtu mwingine. Kwa hivyo unawafungia, unawalisha kuku, na unawanyang'anya simu.

Simu zote tisa zilitiwa kwenye kiondo cha mke wangu, na mlinzi wa kiondo nikawa mimi. Meya akanipa sheria moja.

"Mtu akipiga aseme mama ya mheshimiwa ni mgonjwa, ama nyumba inaungua, ujue huyo ni wa upande ule. Ile kura ingine walituambia ng'ombe ya diwani wetu imezaa mapacha, bana. Akaenda kuona ndama. Tulimwona tena ukumbini, ameketi na wao."

Nikamwambia nimeelewa.

Kabla ya kila mlo meya alisimama akawasomea hotuba niliyomwandikia, ili wasisahau kwa nini wanamchagua. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakimmalizia sentensi. Mmoja akamwambia, "Mheshimiwa, maji tumekunywa, choo tumeingia, soko haliuzwi. Sasa si ulete chakula?"

Miongoni mwa wale tisa alikuwamo rafiki yangu. Nitamwita Wafula, ingawa si jina lake. Nilipokuwa kijana baba yangu alinitoa kwetu Kachibora akanipeleka Ndalu kusoma, kwa sababu shule ya huko ilisifika kwa kupasisha. Nikakaa nyumbani kwa kina Wafula miaka miwili. Sisi ni watu waliotoka mkoa wa Kati, hata mrenda, ile mboga ya kuteleza, sikujua unaliwaje, na mama yake ndiye aliyenifundisha kuukata kwa ugali usinifike kwenye kiwiko. Hakuwahi kuniita mgeni. Aliniita kijana yangu, na nguo za shule alitushonea sote wawili kwa kitambaa kimoja.

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya kuamkia kura, kiondo kilianza kulia mapema. Kufikia saa sita mchana familia za madiwani wetu zilikuwa na wagonjwa wanne na nyumba moja iliyoungua. Wote niliwapa pole nikakata.

Halafu ikalia simu ya Wafula. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikasema, "Mwambie Wafula mama yake amezidiwa. Ako hapa nyumbani Ndalu." Nikampa pole huyo naye. Moyoni nikasema huyu ni mgonjwa wa tano.

Hilo ndilo kosa ambalo watu wanalijua. Hili linalofuata sijawahi kumwambia mtu.

Saa kumi simu ya Wafula ililia tena. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za loji, kiondo kwenye magoti. Safari hii alikuwa mama mwenyewe.

"Wafula?"

"Si Wafula, mama. Ni mimi."

Hata sikujitaja jina. "Ni wewe, kijana yangu? Na mmekura?"

"Tumekula, mama."

"Huyo ndugu yako ako wapi?"

Nilikuwa namwona dirishani. Alikuwa anacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na alikuwa anashinda.

"Yuko hapa karibu," nikasema.

"Mwambie nimemuuriza. Hii kifua imenikataa sasa. Mwambie akuje tu nimuone."

Hakuna mpinzani ambaye angeweza kuigiza sauti ile. Niliijua kama ninavyoijua ya mama aliyenizaa.

"Anakuja, mama," nikamwambia.

"Basi nitamngojea. Harafu mwambie asikimbize gari, barabara ya huku ni mbaya."

Akakata yeye.

Nataka mjue nilifikiria. Sikupitiwa. Nilihesabu kwamba kwa gari la meya Wafula angeweza kufika Ndalu kabla ya giza. Lakini pia nikajiambia kwamba mtu akimkuta mama yake katika hali ile haondoki asubuhi kwenda kupigia choo kura. Na ng'ambo ya barabara walikuwapo vijana wawili wa upande ule waliokuwa wakinywa soda ileile tangu jana. Tisa ukitoa mmoja ni wanane. Nikaona kamba ya yule mpimaji. Nikaona na kazi yangu pia, sitaficha.

Nikasema kura ni saa tatu asubuhi, saa nne atakuwa njiani. Mama amesema atangoja.

Nikaizima ile simu, nikaiweka chini kabisa ya kiondo.

Tulipokuwa tunanawa mikono kwa chakula cha jioni Wafula akaniuliza, "Sasa, hakuna mtu amenitafuta leo?"

"Hakuna," nikasema. Meya akasimama kusoma hotuba.

Asubuhi tulienda ukumbini tukashinda tisa kwa wanane. Watu waliimba. Mimi nikamtafuta Wafula nikampa simu yake, akaiwasha palepale kwenye ngazi, na ikaanza kulia kabla hajaiweka sikioni. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri.

Kwenye mazishi meya alikuja na msafara akaongea kuhusu maji. Sikumlaumu, hotuba nyingine hakuwa nayo na mwandishi wake hakuwa amelala siku tatu.

Wafula alinivuta kando ya boma akaniuliza kama kuna simu iliingia. Pale bomani hakuna aliyetaja simu ya mama, kwa hivyo nikamwambia iliingia moja. Sauti ya mwanamume, nikadhani ni ule uongo wao. Halafu akasema, "Hata ningekuwa mimi ningedhani hivyo. Hawa watu wametuharibu, bana." Akanirudisha kwa wazee akiwa amenishika mkono, akawaambia mbele ya wote kwamba mimi sina hatia, na mtu asiniseme vibaya katika boma lile.

Nilisamehewa hivyo. Nikala chakula cha matanga nikiwa nimesamehewa.

Mtauliza kama meya alitimiza. Alitimiza. Maji yapo sokoni, choo kipo, na uwanja haujauzwa. Nikipita pale nakuta kina mama wanaosha sukuma wiki kwenye bomba na mmoja huniita anifungie za kupeleka nyumbani. Siwezi kusema kura ile ilikuwa mbaya. Ningekuwa nimemsaidia mwizi, nafikiri ningekuwa nimeshaungama zamani.

Kazi niliiacha baada ya miezi michache, nikasema ni tumbo. Wafula naye hakugombea tena. Siku hizi analima mahindi Ndalu, na kila mavuno hunitumia gunia. Nimemwambia aache, haachi. Mke wangu husema rafiki wa namna hiyo hapatikani siku hizi, na mimi naitikia.

Akija kwangu hatuongei siasa. Tunakunywa chai. Lakini kabla ya kuondoka lazima aliseme, kila mara kwa maneno yaleyale: "Unajua ni nini inaniuma? Si kufa. Mama alikuwa mzee. Inaniuma alikufa akijua nilipigiwa simu nikakataa kuja."

Mimi hukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Ninalo jibu lake mdomoni, nimelishikilia miaka hii yote kama nilivyoishikilia ile simu.

Wewe unayesoma, sikufundishi siasa. Mchague unayemtaka, na ukimpenda kiongozi wako mpiganie. Ila ukipewa ujumbe wa mtu, upeleke. Usiupime kwanza kama saa yake inafaa, kwa sababu si wako. Na ukisamehewa kosa dogo kuliko ulilofanya, sema hapohapo, kabla hujazoea. Mimi nilizoea, na hayo mazoea yameniharibia hata furaha ya kumwona rafiki yangu akiingia langoni.

Na wewe ndugu yangu, najua gazeti hili hulisoma mpaka matangazo ya vifo. Ukifika hapa utakuwa umeshanitambua. Alipiga mwenyewe, saa kumi, ulipokuwa unacheza drafti. Hakujua umekataa, kwa sababu hukukataa. Alijua uko njiani. Alisema usikimbize gari. Alikufa akikungojea, na aliyemwambia angoje ni mimi.