Wino Ulipokwisha Siku ya Iodini

Harufu ya iodini iliingia darasani kabla ya Mwalimu Kalonda. Ilitoka kwenye kichupa alichokiazima zahanati, dawa ileile ya kahawia iliyotuchoma vidondani, na siku ile sisi wasichana wa shule ya misheni ya Kasongo tuliifurahia kama wali wa sikukuu. Ulikuwa msimu wa mvua, enzi za Wabelgiji, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila Ijumaa tulifanya jaribio moja la sayansi, kisha tukapewa nusu saa ya kuandika ripoti: tulichotumia, tulichofanya, tulichoona na maana yake. Nyumbani Kabambare mama alizoea kusema haraka haraka haina baraka. Kwa Mwalimu, kengele ikilia kalamu yako ingali inatembea, karatasi yako haisomwi. Na Ijumaa ile, ripoti bora ndiyo ingempeleka mmoja wetu shule ya uuguzi.

Tulidondosha iodini juu ya papai, ikabaki kahawia. Tukaidondosha juu ya muhogo mbichi: weupe ukageuka buluu nzito, karibu na nyeusi, na darasa zima likapiga kelele. Huo ndio wanga, Mwalimu alisema, andikeni! Niliandika mbio hadi vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nimefika kwenye maana wino ulipokwisha. Nikamgeukia Zaina, mwenzangu wa dawati.

"Wino yangu imeisha!"

"Na yangu haiko tena, dada."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikachovya kalamu katika iodini iliyobaki sahanini, nikaendelea. Herufi zilitoka za kahawia, kisha mbele ya macho yangu zikageuka buluu. Zaina akanishika mkono. "Ona! Sawa na muhogo!" Nikashindwa kutulia kitini. Niliiacha sentensi yangu katikati, nikaandika: Karatasi hii nayo ina wanga. Kengele ikalia.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. "Hii wino ulitosha wapi?" akauliza, akitaka kujua nilikoupata.

"Si wino, Mwalimu. Ni iodini."

Akachovya kalamu yake, akaandika jina lake kwenye daftari lake, akalitazama likibadilika, akaangua kicheko. "Mimi mwenyewe sikujua!"

Ndivyo nilivyokuja kuwa muuguzi. Tangu hapo nimetia saini ripoti nyingi, safi, zisizo na doa, nilizoziandika kwa raha bila kengele yoyote. Hakuna hata moja iliyonifanya nishindwe kutulia kitini.