Wifi Yangu na Hadithi ya Mfumaji

Wifi yangu hana baya, na hilo ndilo linaloniua. Ni dada wa mume wangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea kazi ya kufundisha fasihi hapa chuoni. Anaingia darasani na vumbi la chaki kwenye sketi, anataniana na kila mtu, na wanafunzi wanamfuata kama amewalisha kitu. Kijiba cha roho ninacho, sifichi.

Muhula huu mkuu wa idara alitaka abaki mwalimu mmoja tu wa visasili vya Wagiriki wa kale. Kozi hiyo ni yangu, nimezeeka nayo. Akatuita mimi na wifi tufanye kama ilivyo desturi yetu: walimu wawili wanaihakiki hadithi moja, kila mmoja kwa nadharia yake, kisha wanafunzi wanabeba viti kwenda upande wanaoukubali. Mkuu akakaa nyuma kutazama.

Hadithi ilikuwa ya msichana mfumaji aliyeshindana kufuma na mungu wa kike. Mungu akakikagua kitambaa cha msichana, asione kasoro. Akakichana, kisha akamgeuza msichana kuwa buibui.

Nilianza mimi. Nikasema hadithi hizi zilikuwa shule ya watu wa kale: zinakanya kiburi, tena zinaeleza buibui alitoka wapi. Wanafunzi wakaandika kimyakimya.

Wifi akasimama. “Jamani, kiburi cha nani? Huyu ni fundi, yule ni mkubwa. Mkubwa akishindwa kazi, anatumia nguvu.” Weee! Viti vilikokotwa hivyo! Upande wangu alibaki bwana mmoja, naye alikuwa amesinzia.

“Lakini mwalimu,” msichana mmoja akamuuliza wifi, “mungu ana kila kitu. Kitambaa kimoja kinamuuma nini?”

“Ni kulinda mamlaka,” wifi akajibu.

“Mamlaka gani!” Nilijikuta nimesimama. “Huyo mungu alipenda kufuma! Tangu lini na lini anaambiwa hakuna kama yeye. Leo anakishika kitambaa cha kitoto cha juzi, anatafuta hata uzi mmoja uliolegea, hauoni! Na mungu hafi. Ataishi na jambo hilo milele. Nyinyi mngefanyaje?”

Nikakusanya vitabu vyangu, nikatoka.

Kwenye korido wifi akanishika mkono. “Wifi, ulikuwa unamsema yule mungu kweli?”

“Nilikuwa najisema mimi. Haya, umefurahi?”

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kozi akapewa yeye. Jumatatu nilipita nje ya darasa lake, nikasikia anaueleza wivu wa yule mungu, kwa maneno yangu, na akanitaja kwamba ni mimi niliyemfungua macho. Nikasimama dirishani kusikiliza. Alikuwa anaueleza vizuri kuliko mimi.