Daktari Anayenunua Mifupa ya Mbuzi Kiamaiko

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, soko la mbuzi la Kiamaiko limeshachangamka. Dkt. Lorraine Adoyo anapita kando ya machinjio akiwa amevaa gambuti, ndoo mkononi. Mumina, muuza nyama, anamwona kwa mbali.

"Daktari wa mbuzi! Nimekuwekea mifupa kumi na miwili. Leo pia nyama hutaki?"

"Nyama baki nayo, mama."

Adoyo, mwenye umri wa miaka 46, ni mpasuaji wa mifupa katika hospitali ya umma jijini Nairobi. Siku nne kwa wiki huunga mifupa ya watu. Zinazobaki, yuko maabara. Huko huitoboa hii ya mbuzi, huijaza punje za saruji maalumu iliyochanganywa na dawa ya kuua bakteria, kisha hupima dawa inavyotoka kidogo kidogo.

"Mfupa ukivunjika na kutokeza nje, uchafu unaingia," anaeleza. "Ngozi inaweza kufunga huku ndani kunaoza. Sindano haifikishi dawa ya kutosha huko."

Alilelewa Donholm, binti ya karani wa baraza la jiji. Alipochagua upasuaji wa mifupa, mhadhiri mmoja aliitazama mikono yake akacheka.

"Aliniambia kazi hii inataka mabega. Basi nikaanza kubeba maji ya nyumba nzima hadi orofa ya nne, kila jioni."

Ndunge, kibarua wa kiwandani anayeishi Mukuru kwa Njenga, anaijua mikono hiyo. Miaka mitatu iliyopita, shehena ya mabati ilimwangukia mguuni. Alipasuliwa mara tatu, usaha haukukoma. Kwa miezi kumi na mmoja hakufanya kazi. Mwishowe alishauriwa mguu ukatwe.

"Dkt. Adoyo aliketi kando ya kitanda changu," anakumbuka. "Akaniambia dawa yake ameijaribu kwa watu sita, na wawili haikuwasaidia. Nikamuuliza, hao wawili wako wapi? Akasema mmoja alikatwa mguu, mwingine bado anatoka usaha. Hakunificha. Hapo ndipo nikakubali."

Wiki ya saba baada ya kuwekewa punje hizo, kidonda kilikauka. Miezi minane baadaye Ndunge alitembea kwa miguu yake hadi kiwandani.

"Soja wa geti aliniangalia akasema, 'Wewe si tulisikia ulikufa?'" Anacheka hadi anafuta machozi.

Kufikia sasa wagonjwa 38 wametibiwa hivyo katika utafiti wa Adoyo, 29 wamepona. Muuguzi Willis Owuor, anayefanya kazi naye, anasema siku ya kliniki Adoyo huanza na wale ambao hawajapona. "Sisi wengine tungewakwepa kwa aibu. Yeye huwaita kwa majina."

Mwakani, akipata kibali, anataka kuwafundisha madaktari wa hospitali ndogo za kaunti, ili mgonjwa asisubiri miezi mingi kufika Nairobi.

"Watu watavunjika tu," anasema. "Kuna pikipiki, kuna mashine, kuna ngazi zenye utelezi. Kuvunjika siwezi kukuzuia. Lakini kuoza, hapana. Huko nataka tukomeshe."