Honi ya Moja kwa Moja

Shemeji yangu aliendesha mabasi ya masafa marefu tangu masharubu yake yakiwa meusi hadi yakawa meupe, na abiria walimbandika jina la Moja kwa Moja. Ukipanda basi lake, unashuka kituoni. Ulie, ubembeleze, useme mama mkwe wako anakusubiri palepale kwenye kona, mguu wake haugusi breki. Alipostaafu, waajiri wake walimzawadia safari ya wiki nzima kwenye meli ya kitalii, yeye na mkewe. Mkewe ni dada yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba haendi bila mimi.

"Wiki nzima na mtu huyu? Tutaongea nini?" aliniuliza, mikono kiunoni. "Mimi sijawahi kuishi naye, mdogo wangu. Nimemfulia tu."

Hakuwa anatania. Miaka yote shemeji alirudi usiku, akalala, alfajiri keshaondoka. Sasa kastaafu, anashinda sebuleni na rimoti mkononi, na dada anamwona kama mgeni asiyejua kuaga. Aliniambia waziwazi: tukirudi tu, anahamia kwa binti yake mkubwa kulea wajukuu, mzee abaki na nyumba yake. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, limesimama nyuma ya mlango wa chumba chao. Mumewe alikuwa hajaambiwa kitu. Iliniuma, maana shemeji yangu nampenda, ingawa tukikutana ni kurushiana maneno tu.

Nikajilipia tiketi kwa jasho la kusuka vichwa vya watu. Mimi na dada tulilala chumba kimoja, shemeji akalala cha jirani. Vyumba vyenyewe vilikuwa chini kabisa. Dada alivuta pazia ili aone bahari, akakuta ukuta.

Hatujaenda mbali na bandari, shemeji akaanza kubadilika rangi. Kufika jioni alikuwa sakafuni, kakumbatia choo. Huyu ndiye aliyekuwa akimtangazia abiria anayetapika, mbele ya basi zima, "Chakula chako, beba mwenyewe!" Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Shemeji, chakula chako, beba mwenyewe." Aliinua kidole anikemee, lakini tumbo likamuwahi.

Nesi wa meli alimpa vidonge na kumwambia ale biskuti kavu. Dada alimshikia beseni kwa uso uleule anaofulia. Naye alikuwa na ugonjwa wake: kukosa la kufanya. Bwawa la kuogelea alilitazama mara moja, likamtosha. Kwenye ukumbi wa muziki alisinzia. Mhudumu wa vyumba alikuwa na kawaida ya kukunja taulo kwa umbo la tembo na kumweka kitandani. Dada akawa anamkunjua yule tembo, anamfua kwenye sinki na kumwanika juu ya taa. Siku moja mhudumu akaja kumwomba kwa heshima zote, "Mama, pumzika."

"Nimechoka kwa kipi hata nipumzike?" dada akamjibu. "Nimekula, nimelala, nimekula tena. Hata kuku wa kufungiwa anapata pa kuchakura."

Katikati ya wiki shemeji alijigundulia dawa yake. Aliketi ghafla kitandani akasema, "Mimi tangu lini nikakaa nyuma?" Tukamkokota mpaka sitaha ya juu, mbele kabisa, tukampa kiti kinachotazama tuendako. Akayapeleka macho mbali, kule maji yanakokutana na mbingu, na tumbo likaanza kutulia. Tatizo likabaki mikono. Ilipapasa magoti, ikapapasa kiti, haijui pa kukaa. Dada alichoka kuitazama. Akachukua sinia tupu la chai kwenye meza ya jirani, akamwekea mikononi.

"Haya, usukani wako huo."

Akaushika kwelikweli. Mgongo ukanyooka, akakohoa, akaanza kuendesha. Abiria wenzetu waligeuka kutazama. Nikawakodolea macho mpaka wakarudi kwenye vitabu vyao.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Njia yangu ya kila siku."

"Mimi siijui. Hukuwahi kunipandisha."

Kweli hakuwahi. Madereva wenzake waliamini kwamba anayembeba mkewe huendesha kwa wasiwasi.

"Basi panda leo, mama," akasema. Dada akavuta kiti, akaketi upande wa kushoto.

Akampeleka kituo kwa kituo. Akamwonyesha mlima ambapo abiria wote hunyamaza, daraja jembamba, na mwanamke wa machungwa aliyekuwa akimrushia moja dirishani na hakukosea hata siku moja. "Machungwa ya bure kwa nini?" dada akauliza, na sauti ilikuwa na wivu. Nilifurahi kuusikia ule wivu. Kesho yake dada ndiye aliyewahi kulitafuta sinia.

Siku ya mwisho, ukingo wa nchi kavu ukiwa umeshaanza kuonekana, safari yao ya sinia ilikuwa imefika kwenye barabara kuu inayopita mbele ya nyumba yao. Shemeji akabonyeza katikati ya sinia.

"Pii! Pi-pi!"

Dada akakunja uso. "Honi ile! Kila siku ulikuwa unaniamshia watoto. Ulikuwa unafukuza mbuzi wa nani?"

"Mbuzi gani? Nilikuwa nakusalimu wewe." Macho yake yalibaki mbele. "Kusimama ilikuwa marufuku. Nikawa napiga, natazama kama utatoka."

"Na ningetoka?"

"Ningekuona."

Mara ngapi nimekuwa jikoni kwake honi ile ikilia, naye akisonya na kuendelea kuosha vyombo! Nilitamani mtu aseme neno, na wakati huohuo niliogopa litakalosemwa.

Shemeji akapiga tena, safari hii kwa sauti ndogo. "Pii. Pi-pi."

Dada aliinua mkono, akaupunga.

"Dereva," akasema, "shusha."

"Hapa hakuna kituo," shemeji akajibu kwa mazoea.

"Shusha hapahapa. Nyumbani."

Niliuona mguu wa kulia wa shemeji ukikanyaga mbao za sitaha, polepole, mpaka mwisho. Sinia likatulia mapajani. Akauliza bila kumtazama mkewe:

"Na lile sanduku la nyuma ya mlango?"

Kumbe alikuwa akilijua siku zote.

"Nalo lishushe," dada akasema.