Vizito vya Nyavu za Nyanya

Wiki jana jirani yetu wa zamani wa Nyalenda alinitafuta mpaka dukani kwangu Kondele. Amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini ile karakana yake ya kuyeyusha betri kuukuu za magari bado inafuka moshi. Watu wa afya wameitisha kikao, wanataka kuifunga.

"Mama, wewe umekulia hapo kwa ukuta yangu," akaniambia. "Kuja tu uwaambie kazi yangu haijasumbua mtu."

Nikamjibu nitakuja. Alinishukuru sana, maskini.

Kama ulilelewa karibu na ziwa, rafiki yangu, unaijua harufu ya omena ikikaangwa na nyanya akiita watoto wanawe mikono. Nyanya yetu alishona nyavu za wavuvi. Jirani alimpa bure mabaki ya risasi, yale madini ya ndani ya betri, kutoka karakanani, naye akayakata vipande vidogo vya kuzamishia nyavu. Kuvibana kwenye kamba ilikuwa kazi yetu watoto, na tulivibana kwa meno. Risasi ni laini, haibishani na jino, tena ina utamu fulani. Mdogo wangu wa kike alitushinda wote. Alijaza vizito shavuni kama njugu, akivitoa kimoja kimoja huku akiimba kwa pua.

"Nyakwara, meno yako inashinda koleo!" Nyanya alimsifu mjukuu wake, nasi tukaona wivu. Kabla ya ugali tulimwombea jirani baraka kwa ukarimu wake.

Kisha mdogo wangu akaanza kusokotwa na tumbo. Akasahau hesabu alizozijua jana, akasahau na nyimbo. Mwalimu alimchapa akidhani ni uvivu. Nyanya alimpikia uji wa wimbi, akakaa kando ya jiko akilia.

Likizo moja binti wa jirani alikuja kutoka Bondo. Jirani hakuwahi kuruhusu watoto wake waishi karibu na karakana, nasi hatukujiuliza kwa nini. Nyanya alikuwa sokoni. Binti akaketi nasi, akatia kizito mdomoni. Baba yake alitoka mbio akamtia kidole kinywani.

"Tema! Tema hiyo kitu, ni sumu!"

Akamsukutua kwa maji ya mtungi wetu. Mdogo wangu alikuwa ameketi pale pale, shavu limejaa. Jirani alimtazama vizuri, akamshika binti yake mkono, akaenda zake. Kesho yake akatuletea mabaki mengine.

Nilikuwa nimeshamweleza Nyanya. Aliyarusha yote juu ya ukuta, na hakumsalimu tena mtu yule mpaka alipokufa. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Siku hizi nyavu zinakuja na vizito vya dukani, na pale tulipoketi pamejaa majani. Mdogo wangu ni mwanamke mzima asiyeweza kutumwa chumvi. Huanza wimbo, akakwama katikati, akanitazama nimmalizie. Namchukia mzee yule, na sioni haya kusema.

Kikao ni kesho. Nitaingia nimemshika mdogo wangu mkono. Mkobani nina kizito kimoja chenye alama za meno yake madogo. Nitakiosha kwa maji safi mbele ya watu wote, nimpe mzee kwa mikono miwili, nimwambie akitie mdomoni. Kisha nitaketi, nimtazame vizuri.