Acha Tumbo la Watu

Muuza togwa wa gulio la Ikungi ana vidole vyeusi kwa masizi, maana kila kibuyu anachokikata kuwa kikombe hukichora kwa msumari wa moto. Hachori majina, anachora kasoro. Cha katekista kina tumbo, cha mwenyekiti wa kijiji kina mdomo ulio wazi. Ukichukua kisicho chako anakunyang'anya huku watu wanasikia: "Acha tumbo la watu!" Vikombe vya plastiki vya kutupa alishavifukuza bandani, anasema vinafanana vyote kama waongo.

Gulio lililopita bwana afya alimletea pakiti nzima ya hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama. Vibuyu vinafuga vijidudu. Tumia hivi, la sivyo nafunga banda leo."

"Marahaba, mwanangu."

Aliinua birika lake la kuoshea, lililokuwa linatokota, akasuuza kibuyu kimoja mpaka mvuke ukamfunika uso. Kisha akamimina maji yaleyale kwenye kikombe cha bwana afya. Kikalegea, kikakunjamana, kikalala mezani.

"Pole. Chako kimetangulia kabla ya vijidudu."

Watu walicheka mpaka togwa ikawapalia. Bwana afya alitazama ile maiti ya plastiki, akavuta benchi, akaomba togwa. Mama akatoa chini ya meza kibuyu kipya chenye masikio mawili makubwa.

"Umekichora lini hiki?"

"Juzi, niliposikia unakuja."

"Na kwa nini masikio?"

"Nilikuwa nakuombea yafanye kazi."