Taa ya jikoni kwa Mama, na mbegu yake

Leo nimempelekea Mama mwanga, nikammalizia mbegu.

Nimefika kwake Mollo asubuhi kwa bodaboda, nimepakata taa ya kuning'inia niliyoinunua Majengo. Umeme anao, ila jikoni kwake giza hata mchana.

Kwenye boriti, juu ya mafiga, palikuwa na mafungu ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Mama alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Nikayashusha nipate pa kutundika taa.

Nikamenya moja. Ndani punje safi kabisa.

Hapo nikajiona mtoto mwema. Nikayapukuchua yote, nikapeleka mashineni, nikarudi na unga, ndipo nikafunga taa. (Na nimeifunga vizuri, hilo mnipe.)

Mama akarudi, nikawasha. Akatazama juu muda mrefu. Nikadhani ameipenda.

"Inapendeza, baba. Mbegu yangu umeiweka wapi?"

Nikamwonyesha ndoo ya unga.

Mbegu ile alipewa na bibi alipoolewa. Kila mavuno huchagua mahindi yaliyojaa, akayatundika moshini yasibunguliwe. Nimekua nikiyaona pale. Miaka ya mjini ikanisahaulisha.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Amesonga ugali wa unga ule ule, akanitengea wa kwanza.

"Kula, mwanangu. Mvua zikija tutapanda taa."

Ndugu zangu mlioko Ufipa, kama jikoni kwenu bado kuna mahindi yananing'inia moshini, naomba hata hindi moja.